Taa Isiyowaka kwa Fundi

Gari lililoua mtu halina sura ya muuaji. Hilo ndilo lililomuudhi Inspekta kila alipoingia kwenye ua wa nyuma ya kituo, ambako magari ya ajali yalipangwa kando ya ukuta yakisubiri kesi zao. Hili la leo lilikuwa gari dogo la kijivu, la zamani, lililotunzwa vizuri na kufutwa vumbi hata kwenye mikunjo ya milango. Ukiacha pua iliyobonyea upande wa dereva na kioo cha mbele kilichopasuka, ungedhani mwenyewe ameliegesha akaingia dukani kununua sabuni.

Kituoni walimwita Nukta. Jina alilipata chuoni, siku ya kwanza ya gwaride, mkufunzi alipouliza ile nukta mwisho wa mstari ni askari au ni kofia ya mtu imeanguka. Alikuwa mfupi kweli, na kazi yake ilikuwa kukagua magari ya ajali na kusema kilichoyapata. Wenye magari walimchukia kwa kuuliza sana. Mawakili walimchukia zaidi.

"Afande, mkuu anauliza," alisema Sajini, mtu wa makamo aliyebakiza muda mfupi kustaafu na ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote duniani.

"Anauliza nini?"

"Anauliza unalikagua au unalichumbia."

"Mwambie mahari bado hatujakubaliana."

"Anataka ripoti saa nane. Fundi anapandishwa kizimbani leo."

Nukta alifungua jalada akasoma tena maelezo, ingawa alikuwa ameyasoma hadi akayajua kwa moyo. Asubuhi ya juzi, mvua ikinyunyiza, gari hili liliacha barabara kwenye kona ya maghala na kumgonga mlinzi aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya zamu. Askari wa doria walipofika walimkuta mlinzi ameshakata roho, na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, anatetemeka. Peke yake. Maelezo yake yalikuwa mafupi na yamenyooka kama ubao wa darasa: taa ya kuteleza iliwaka, gari likavutwa pembeni, breki zikakataa. Wiki hiyo hiyo gari lilikuwa limetoka kwa fundi, naye fundi aliapa limepona.

Basi fundi akachukuliwa kwenye gereji yake kabla chai haijapoa, akatiwa ndani. Kusababisha kifo kwa uzembe. Mkewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu jana, mtoto mgongoni, akimuuliza kila aliyevaa sare kama ndiye mwenye funguo.

"Tuanze," alisema Nukta. "Piga jeki."

Taa ya kuteleza ni ile yenye picha ya kigari kilichoacha nyuma yake mistari miwili iliyopindapinda. Mfumo wenyewe ni msaidizi wa dereva: gari likianza kuserereka kwenye kona, kompyuta inabana breki ya gurudumu moja na kulirudisha njiani. Taa ikiwaka na kubaki imewaka, msaidizi amejiondoa kazini. Breki za kawaida zinabaki, ila ukiserereka ni shauri lako.

"Sajini, mzee anasema taa iliwaka, halafu gari likamvuta."

"Ndivyo alivyosema."

"Taa ikiwaka, mfumo umelala. Aliyelala anamvutaje mtu?"

Sajini aliisimamisha jeki katikati, akafikiri. "Labda alichanganya. Mtu mwenyewe alikuwa anatetemeka."

"Labda," alisema Nukta, akaandika.

Walianza na gurudumu la mbele upande wa abiria, maana hilo ndilo fundi alilolichokonoa. Kila gurudumu lina kifaa kidogo kinachoiambia kompyuta kasi yake. Fundi alikuwa ametoa cha zamani akaweka kingine, kilichotumika, kilichong'olewa kutoka kwenye gari lililokufa. Mkuu wa kituo alipoona maneno "kifaa kilichotumika" kwenye maelezo, alisugua viganja. Kwake kesi ilikuwa imekwisha hapo.

Sajini alizungusha gurudumu kwa mkono. Nukta alikuwa ameinamia mashine ya kusomea kompyuta ya gari, iliyounganishwa kwa waya chini ya dashibodi. Namba zilipanda taratibu, zikashuka taratibu.

"Tikisa waya wake."

Alitikisa. Namba hazikuyumba.

"Mwagia maji."

Alimwagia, kisha akajimwagia hadi kiatuni. Namba zilikuwa zile zile. Magurudumu mawili ya nyuma yalijibu hivyo hivyo. La upande wa dereva lilikuwa limebanwa na bati lililobonyea, halikuzunguka, lakini hilo fundi hakuwa ameligusa. Walipima betri, ikawa nzima. Walipima mafuta ya breki na unene wa breki zenyewe, zote nzima. Picha za barabarani zilionyesha michirizi ya matairi iliyoanza mapema kabla ya kona na kwenda sambamba hadi majanini. Mtu alikanyaga breki, na breki zilimsikia. Alikuwa na mwendo tu, na barabara ilikuwa na maji.

"Kwa hiyo kifaa kilichotumika hakina kesi," alisema Sajini.

"Hakina. Sasa tuone gari lenyewe linakumbuka nini."

Kompyuta ya gari huweka kumbukumbu ya makosa, na ya gari hili ilikuwa imeweka kosa moja tu. Lilikuwa la kifaa kinachohisi gari linavyopinda, kile kilichofungwa sakafuni kati ya viti viwili vya mbele. Mawasiliano yake yalikatika gari likiwa limesimama, injini imewashwa muda huo huo. Hayakurudi njia nzima. Yalirudi baadaye, gari likiwa limesimama tena, swichi bado imewashwa.

Nukta alilisoma hilo mara mbili. "Lilitoka nyumbani likiwa gonjwa, likagonga mtu likiwa gonjwa. Halafu, baada ya kugonga, likapona."

"Labda lilipata mshtuko."

"Gari halipati mshtuko, Sajini. Gari linaguswa. Nani alikaa humu baada ya ajali?"

"Mzee, hadi tulipomtoa. Baada ya hapo hakuna. Lilibebwa juu ya lori, likashushwa hapa, nikafunga mimi mwenyewe."

Nukta alikitikisa kile kifaa, akachomoa soketi yake, akaichomeka, akagongagonga sakafu kwa ngumi. Mashine ilikaa kimya. Aliupiga mlango kwa kisigino na kwenda mahabusu, kichwa kinamuuma.

Fundi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, kucha nyeusi kwa grisi ambayo haitoki hata kwa mafuta ya taa. Alisimama mara tu mlango ulipofunguliwa.

"Afande, mimi sijaua mtu."

"Kaa. Gari alikuletea nani?"

"Mzee mwenyewe."

"Alisema linaumwa nini?"

"Alisema mkewe analalamika kuna taa inawaka na kuzima. Leo ipo, kesho haipo. Yeye mwenyewe hajawahi kuiona."

"Hajawahi?"

"Hata mara moja. Akanicheka na kusema labda mama anaota. Nikamwambia labda taa inamchokoza mama tu, inamjua mwenyewe. Tukacheka."

"Na wewe uliiona?"

Fundi alikwangua grisi kwenye kidole gumba. "Sikuiona, afande. Nimelizungusha mtaa mzima, makona yote, matuta yote. Nimeshinda nalo kutwa. Haikuwaka."

"Lakini ulibadilisha kifaa cha gurudumu."

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

Fundi alificha vidole vyake vyeusi kwapani.

"Nimekuuliza."

"Mteja ukimwambia hukuona kitu, anakwenda kwa mwingine, na huko anasema wewe hujui kazi. Kifaa cha gurudumu ndicho kinachokufa mara nyingi. Nikabahatisha."

"Kumbukumbu ya kompyuta ilisemaje?"

"Sikuisoma. Niliifuta."

"Ulifuta bila kusoma?"

"Wengi tunafuta, afande. Taa ikizima mteja anafurahi."

Nukta alikasirika, na hakujitia hamnazo. "Umetibu ugonjwa hujauona, ukachoma cheti cha daktari, ukamwambia mgonjwa amepona. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimelala nalo hapa siku mbili. Lakini breki sikugusa. Naapa kwa mwanangu aliyeko mgongoni kwa mama yake pale nje."

Alimwacha amesimama vile vile. Njiani alipita mbele ya benchi la mapokezi, na yule mwanamke mwenye mtoto akamtazama bila kuuliza chochote. Alikuwa ameishiwa maswali. Nukta alijisikia vibaya, akaongeza mwendo.

Kilichobaki kukaguliwa kilikuwa kitu kidogo: swichi iliyo juu ya kanyagio la breki, ile inayowasha taa za nyuma. Nayo ikileta mzaha, taa ya kuteleza huwaka. Nukta aliingia, akakaa kwenye kiti cha dereva, akanyoosha mguu. Ncha ya kiatu ilipapasa hewa. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma hadi mwisho, na kanyagio lilikuwa mbali kama nyumba ya mkopeshaji.

"Nikuletee mto?" aliuliza Sajini kwa upole wa uongo.

"Niletee heshima. Hiki kiti hakisogei."

Kweli kilikuwa kimekwama. Upande wa mlangoni, reli ya kiti ilikuwa imepinda kwa lile pigo la ajali. Alivuta wenzo wa chini, akajisukuma, akajitikisa, kiti kikagoma. Sajini alikwenda kuchukua mtaimbo, akauchomeka nyuma ya kiti na kuegemea kwa uzito wake wote, akinung'unika kuhusu mgongo wake na pensheni yake. Reli ililia. Kiti kilitoka kwa mkupuo mmoja na kumpeleka Nukta hadi karibu aubusu usukani.

Sasa mguu ulifika vizuri. Alikanyaga breki.

"Taa za nyuma?"

"Zinawaka. Achia. Zimezima. Swichi nzima, afande."

Nukta alikuwa anatazama dashibodi. Katikati ya saa ya mwendo na saa ya mafuta, kigari kidogo cha rangi ya chungwa kilikuwa kimewaka, na mistari yake miwili iliyopindapinda nyuma.

"Sajini. Njoo uone."

Sajini alichungulia. "Hiyo ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Fundi ameitafuta mtaa mzima hakuipata." Aliitazama mashine: kile kifaa cha sakafuni, mawasiliano yamekatika. "Rudisha kiti nyuma."

"Tena?"

"Tena."

Mtaimbo, manung'uniko, reli ikalia. Kiti kiliporudi nyuma, taa ilizima yenyewe, kimya, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Walikisogeza mbele, ikawaka. Walikirudisha, ikazima. Safari ya nne Sajini alivua kofia.

Nukta alijilaza sakafuni na tochi mdomoni. Waya wa kile kifaa ulitoka katikati ya gari na kupita chini ya kiti cha dereva, chini ya zulia. Kishikizo kilichopaswa kuushikilia kilikuwa kimekatika kwa uzee, nao waya ulikuwa umelegea na kulala juu ya njia ya kiti. Kiti kikiwa nyuma, ulikuwa huru. Kiti kikija mbele hadi mwisho, mguu wake uliukanyaga pale pale ulipozoea kuukanyaga. Ngozi ya waya ilikuwa imeshachubuka muda mrefu, na shaba ilionekana ndani.

Alitoka chini, vumbi limemjaa kwenye nywele, akaenda moja kwa moja hadi kwenye dirisha dogo la mahabusu.

"Fundi! Ukiingia kwenye gari la mteja, unafanya nini kwanza?"

"Nawasha."

"Kabla ya kuwasha."

"Nakaa."

"Nionyeshe unavyokaa."

Fundi alimwona kama amerukwa na akili, lakini alikaa kwenye sakafu ya simenti, akanyoosha miguu yake mirefu, na kabla ya kitu kingine chochote mkono wake wa kulia ukashuka chini ya mapaja, ukavuta wenzo ambao haukuwepo, akajisukuma nyuma.

"Na wenzako?"

"Kila mtu, afande. Huwezi kuendesha gari la mteja magoti yako yakiwa kifuani."

Kila aliyelitafuta kosa alilifukuza kwanza, ndipo akaanza kulitafuta. Mzee naye, mwenye urefu wa mlango, alifanya vivyo hivyo kila alipolipeleka gereji. Ndiyo maana hakuwahi kuiona taa. Na mtu asiyewahi kuiona taa ndiye aliyeandika kwenye maelezo yake kwamba asubuhi ile ilikuwa imewaka.

"Sajini, muite mzee," alisema Nukta. "Mwambie kuna jambo dogo la kuhakikisha kabla sijafunga ripoti."

Mzee alikuja akiwa amevaa koti la kazi yake ya zamani, limepigwa pasi. Aliegemewa na mkewe, au yeye ndiye aliyemwegemea mkewe, ilikuwa vigumu kujua. Mama aliupapasa ukingo wa ngazi kwa ncha ya kiatu kabla ya kushuka uani, na jicho lake moja lilikuwa na ukungu mweupe. Nukta aliwasogelea kuwasalimu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kituoni hapo kutazamana na mtu mzima bila kuinua shingo; mama alikuwa wa kimo chake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," walijibu wote wawili.

"Mzee, nisaidie. Ingia ukae kama ulivyokaa siku ile."

Mzee aliingia. Kiti kilikuwa nyuma, na miguu yake ilikaa vizuri. Nukta aliinama dirishani akawasha swichi.

"Taa iliwaka wakati gani?"

"Tangu natoka nyumbani. Nimeshaeleza."

"Mbona sasa haiwaki?"

"Si ndio ugonjwa wenyewe? Inakuja na kuondoka."

"Sajini, msogeze mzee mbele."

"Mbele kwa nini?" Lakini mtaimbo ulikuwa umeshaingia nyuma ya kiti. Reli ililia, kiti kikaruka, na magoti ya mzee yakagonga chini ya usukani kwa kishindo. Taa iliwaka.

"Hiyo hapo," alisema Nukta. "Sasa kanyaga breki."

Mzee alijaribu. Goti lilikuwa limebanwa kati ya usukani na mlango, na mguu haukuweza kuinuka hata kidogo.

"Gari lilitoka nyumbani kiti kikiwa hapo ulipo," alisema Nukta. "Lilifika kwenye kona kiti kikiwa hapo. Lilimgonga mtu kiti kikiwa hapo. Likasimama, ndipo kiti kikarudi nyuma. Kompyuta imeandika. Wewe hapo huwezi hata kugusa breki, mzee. Nani alikuwa anaendesha?"

"Mashine zinakosea."

"Michirizi ya breki pia inakosea?"

"Mimi nimekiri!" Sauti ya darasani ilimtoka, kali, ikagonga ukuta wa ua. "Mtu mzima na akili zake amekiri, unamtakia nini zaidi?"

"Hukukiri, mzee. Ulisema fundi ndiye aliyeua. Yuko ndani, na saa nane anapelekwa mahakamani. Ana mke na mtoto hapo mbele, umewapita ukija."

Mzee alifumba macho. Alijaribu kuvuta miguu yake, akagugumia kwa maumivu.

"Mtoe kwanza," alisema mama. "Anaumia."

Sajini alivuta wenzo na kusukuma. Kiti hakikusogea. Alikisukuma kwa bega, hakikusogea. "Ngoja," alisema, "mtaimbo nimeuweka wapi?" akazunguka nyuma ya gari kuutafuta. Mzee aligugumia tena, na hapo mama akaachia mkoba wake udondoke chini. Alifika mlangoni kwa hatua fupi, akapitisha mkono wake mdogo kati ya kiti na nguzo ya mlango, akakinyanyua kiti upande huo mmoja, kidogo tu, kisha akakisukuma kwa paja. Kiti kilirudi nyuma bila kelele. Taa ilizima.

Alikuwa anampapasa mumewe magoti alipogundua kwamba Nukta anaitazama mikono yake. Sajini alikuwa amesimama na mtaimbo mkononi.

"Mama," alisema Nukta taratibu, "reli hiyo ilipinda kwenye ajali. Tangu ajali gari halijatoka humu. Sisi tumekivunjia migongo asubuhi nzima. Wewe umejuaje kwamba kinanyanyuliwa?"

"Usimjibu," alisema mzee. "Mama Watoto, usimjibu."

Mama alijinyoosha. Alijifuta viganja kwenye gauni, upande mmoja halafu wa pili.

"Daktari alinikataza kuendesha tangu mwaka jana," alisema. "Mtoto wa jicho. Lakini duka ni langu na gari ni langu, na mzee akiendesha asubuhi anasinzia. Nikasema nitakwenda polepole. Sikumwona yule mtu. Niliona kitu cheusi, nikadhani ni kivuli cha ghala. Nilipojua ni mtu nilikuwa nimeshakanyaga breki na gari linakwenda tu."

"Na mzee?"

"Alikuwa pembeni yangu. Akasema nishuke, yeye akae. Mimi nitafungwa, nitafia huko, na macho haya. Yeye ana leseni. Gari limetoka kwa fundi, watu wataelewa."

"Ni mimi niliyepanga," alisema mzee. Alikuwa analia sasa, bila kuficha, machozi yanaingia kwenye ndevu. "Yeye hakutaka. Andika hivyo."

"Nitaandika." Nukta alikuwa na swali moja la utaratibu lililobaki, lile linaloulizwa kwenye kila ajali yenye kifo. Aliliuliza kama anavyoliuliza siku zote, kalamu juu ya karatasi. "Marehemu alikufa pale pale?"

"Pale pale," alisema mzee haraka.

Mama alimtazama mumewe kwa jicho lake zima. Kisha alitikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Alikuwa anaongea."

"Mama Watoto."

"Alikuwa anaongea, alikuwa anasema jina la mtu, sijui ni mtoto wake. Kiti kilikuwa kimekwama na mzee hakuweza kuingia. Tulivuta, tukavuta. Mzee akasema tusipige simu mpaka kikae sawa, maana wakija wakikuta kiti kiko mbele watajua. Ndipo nikagundua ukikinyanyua kinatoka." Aliitazama mikono yake. "Alikuwa anaomba maji. Sisi tunavuta kiti, na yeye anaomba maji. Tulipomaliza alikuwa amenyamaza, nikasimamisha pikipiki nikaenda nyumbani."

Nukta aliandika hadi mwisho wa mstari, kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza, na alipoona maneno yamekaa kwenye karatasi alitamani ayafute. Ilikuwa imekaribia saa nane.

"Sajini."

"Afande."

"Kamfungulie fundi. Mkewe yupo kwenye benchi."

"Na hawa?"

Mzee alikuwa ameteremka garini na kumshika mkewe mkono. Mama alikuwa anatafuta mkoba wake chini kwa kupapasa, pale alipouangusha, na hakuuona ingawa ulikuwa karibu na kiatu chake. Nukta aliinama akauokota, akampa.

"Ndani, wote wawili," alisema.